Aliyeitika Chini ya Tuta

Yat alimwita binti yake akale, na sauti ikaitika "Abee!" kutoka chini ya nyumba. Hapo pasingekuwa na neno, maana nyumba ilisimama juu ya nguzo na watu hushinda chini kivulini. Ila binti mwenyewe, Romdul, alikuwa juu, kwenye mkeka karibu kabisa na mama yake, mimba ya miezi tisa imembana na mdomo umejaa wali.

"Umeitikaje na tonge lote hilo?" Yat akamuuliza.

"Sijaitika, mama. Labda ng'ombe wako wamejifunza adabu."

Wakacheka. Duong, baba wa nyumba, hakucheka. Alikuwa mlinzi wa mlango wa maji kwenye bwawa kuu, mtu mkimya, na sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Champei, mke wa mdogo wake, na Champei hakuwa ameonekana tangu kabla Romdul hajazaliwa.

Akashuka ngazi. Ng'ombe walikuwa wamejikunyata upande mmoja wamenyamaza. Matawi ya miiba waliyoyazungushia nguzo, kama wafanyavyo watu wote nyumba inapongoja uzazi, ili mizuka inayopenda damu isipite, yalikuwa yamesogezwa pembeni taratibu, bila hata jani kuanguka. Udongo ulikuwa umelowa, na mvua haijanyesha. Duong akayarudisha matawi mahali pake, akapanda juu, akasema ni mbwa.

Basi mbwa huyo akawa anaitika kila siku. Yat akimwita jirani uani, "Abee!" inatoka chini. Duong akiitwa jina lake na wapita njia, jina la mwanamume kabisa, "Abee!" inamtangulia. Wanawake wa mtaani walianza kuita kwa kupunga mkono tu. Halafu ikaja harufu, ya tope la chini kabisa ya bwawa, lile ambalo halijaona jua, na ndani yake harufu ya tambuu iliyotafunwa sasa hivi. Champei alikuwa mtafunaji hodari wa tambuu. Duong alipoinusa mara ya kwanza alikwenda nyuma ya ghala la mpunga akajificha huko mpaka giza.

Lakini lililomtesa zaidi ni mdogo wake. Pech alikaa kibanda cha uani, hakuoa tena, na Romdul alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Aliposikia sauti ile alikuja mbio, machozi yanamtiririka na uso umechanua.

"Kaka, umesikia? Ni yeye! Mke wangu amerudi!"

"Pech, tulia. Mwanamke yule alichukuliwa na mafuriko."

"Ndiyo, uliniambia. Sasa maji yamemrudisha. Mimi siogopi, kaka, mtu utamwogopaje mkeo?"

Akatandika mkeka chini ya nyumba, akawa anaketi hapo mchana kutwa akimsimulia mke wake habari za vita, na mvi zake, na jinsi alivyorudi akakuta nyumba tupu. Kila akinyamaza aliitikiwa. Duong alikuwa akisikia yote kupitia nyufa za sakafu. Aliona haya mpaka akashindwa kula, na bado hakusema.

Alikuwa na la kusema. Enzi za babu zao, jiji la Angkor lilishiba. Wafalme waliyafundisha maji kwenda walikotaka, mashamba yakavunwa tena na tena mwaka mmoja, wakajenga minara ya mawe wakaipaka dhahabu, wakajiona ni ndugu wa miungu. Waliozoa matope ya kuyajenga hayo yote hawakuchongwa na mtu kwenye mawe hayo. Kisha ikaja miaka mibaya, ukame unaopasua ardhi, na nyuma yake mvua kama laana, mifereji ikajaa mchanga, Wasiamu wakaja na moto. Ulipokuja mwaka wa mafuriko makubwa, tuta la bwawa lilikatika penye mlango wa maji, likazibwa, likakatika tena, mpaka mkuu wa mabwawa akasema linataka mlinzi wa kudumu.

Kila mtu alijua maana yake. Mwitaji husimama juu ya tuta aite jina, na anayeitika ndiye anayefukiwa chini ya jiwe la mlango, aulinde milele. Ndiyo maana msimu wa kujenga watu hawaitikii nje, hata wakiitwa na nani. Mwenye mimba ndiye hasa anayetakiwa, kwa kuwa analinda kwa nguvu ya wawili. Na nyumbani kwa Duong, Pech akiwa vitani, walikuwapo wenye mimba wawili: Yat, ambaye tumbo lake, la Romdul huyu huyu, lilionekana na kila mtu, na Champei, ambaye lake lilikuwa bado changa na alimnong'oneza Yat peke yake. Yat alimwambia mumewe. Mkuu wa mabwawa alikuja akamwambia Duong aite yeye, kwa kuwa mlango ni wake, na aite mmoja wa nyumbani kwake.

Duong alipanda tuta akaita, "Champei!" Shemeji yake alikuwa bondeni akichuma mboga. Alijua asiitike. Aliitika kwa sababu ilikuwa sauti ya shemeji yake, mtu ambaye mumewe alimwachia amtunze. "Abee, shemeji!" akasema, akaja huku anakimbia, akidhani kuna habari za Pech.

Tuta halikukatika tena, na waliojua wakafunga midomo. Jiji likaendelea kuporomoka lenyewe. Dhahabu ilibanduliwa, mizizi ikakumbatia sanamu za miungu, wenye akili wakapakia mikokoteni kwenda kusini. Bwawa la Duong peke yake ndilo lililobaki na maji, na waliobaki wote walikula kwa mlango ule.

Uchungu wa Romdul ulianza asubuhi, mvua ikinyesha. Mumewe alikuwa jeshini. Moto uliowashwa chini ya kitanda cha uzazi ulizimika, ukawashwa, ukazimika, na kuni zilikuwa kavu. Mkunga alijaribu anayoyajua. Mtoto aligoma, na kila Romdul alipopiga yowe, chini ya sakafu, papo hapo alipolala, mwingine alipiga yowe lile lile, la mtu anayezaa, likianza pamoja na lake lakini likichelewa kwisha, likiendelea peke yake wakati Romdul amekwisha kunyamaza na kuuma nguo, mpaka mkunga akaziba masikio na Yat akaanza kupiga kichwa chake kwenye nguzo akisema kwa sauti ndogo, samahani, samahani, samahani, bila mtu kumuuliza anaomba samahani ya nini.

Wakamwita mganga Kong. Mzee yule aliingia chini ya nyumba peke yake, akatoka nguo zimelowa mpaka kifuani.

"Huyu si jini wa kufukuza," alinong'ona. "Huyu amewekwa. Amepewa kazi ya kuitika, na anaifanya. Anazaa tangu siku aliyofukiwa, hamalizi, na binti yenu amefungwa naye katika uzazi mmoja. Mpaka atolewe alipo. Na atamtoa yule yule aliyemwita."

"Nani alimwita?" Pech akauliza. "Alichukuliwa na maji. Kaka?"

Duong akainama kuyapanga matawi ya miiba.

"Mwenye sauti iliyomwita anajijua mwenyewe," mganga akasema. "Na ajue pia, jiwe likiinuliwa, mlango umekwenda, na bwawa limekwenda. Watu wa hapa watakula nini, mimi sijui. Binti hafiki jioni."

Ndani, Romdul aliita, "Baba!" Chini ya nyumba palijibu, "Abee."

Duong akachukua mtaimbo. Jiwe lile lilihitaji watu wawili, na wanaume wengine wote wenye nguvu walikuwa vitani. "Leta jembe, mdogo wangu," akasema. Pech akalileta bila kuuliza, kama alivyozoea kumtii tangu utotoni, na Duong alitamani angeuliza, angemtukana, angempiga hilo jembe la kichwa pale pale ngazini kuliko kumfuata nyuma kwenye mvua akimwambia, "Angalia, kaka, hapa panateleza."

Penye mlango wa maji Duong alisimama pale aliposimama siku ile.

"Champei!"

Maji ya bwawa yalitulia, mvua inanyesha na hayapigi hata kiwimbi, na harufu ya tambuu ikapanda kutoka kwenye nyufa za jiwe, ikamjaa puani na mdomoni, na chini ya nyayo zake, karibu mno, kwa furaha ile ile, sauti ikasema, "Abee, shemeji!"

Jembe lilimwanguka Pech mkononi. Aligeuka akamtazama kaka yake. Kisha akaliokota, akaliingiza chini ya jiwe, akasema, "Inua."

Wakainua. Pech alipiga magoti kwenye tope akachimba kwa vidole, akavua kitambaa chake cha shingoni akakitandaza, akawa anaweka mfupa mmoja mmoja. Maji yalianza kupenya, membamba, kisha mazito. Duong alimsihi watoke. Pech hakutoka. Alikuwa ameshika kitu kidogo sana kwenye kiganja, akakigeuza, akatafuta tena tumboni mwa tope, akapata kingine kama kile.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Pech, tuta linakwenda."

"Hii midogo ya nani, kaka?"

"Yako," Duong akasema. "Alikuwa hajakuambia. Alingoja urudi."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua. Walikuwa wawili, yeye na Yat. Nilijua nikamwita yeye."

Alimvuta mdogo wake kwa ukosi, wakapanda, na tuta likafunguka nyuma yao. Bwawa lote liliondoka kwa kishindo, likapita juu ya mpunga wa majirani, juu ya ghala, juu ya vyote ambavyo watu walitegemea kula mwaka ule. Na kutoka upande wa nyumbani, katika mvua, kikasikika kilio cha mtoto mchanga, halafu vigelegele vya wanawake ambao walikuwa bado hawajui.

Pech alifunga kitambaa fundo. "Nenda kamwone mjukuu wako," akasema. "Mimi usiniite tena. Popote utakaponiona, jina langu usilitaje."

Maji yalipokauka watu walianza kuhama. Walipita mbele ya nyumba ya Duong na mikokoteni yao na vyungu vyao, wengine wakitema mate, wengi bila hata nguvu ya kutema. Duong aliketi ngazini na mjukuu mapajani, mtoto mzima, mnene, mwenye afya, akamsubiri mdogo wake apite. Alipita mwisho kabisa, peke yake, kitambaa kimefungwa kifuani jinsi mama anavyobeba mtoto. Alikuwa anazungumza njiani kwa sauti ya chini, na kila akinyamaza alitabasamu, akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Duong alisikia, waziwazi, kicheko cha mwanamke, na juu yake kidogo, kicheko cha mtoto.

Akafungua mdomo amwite. Akafikiri ni nani angeitika, akaufunga.