Doa la Mama Clare

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Nzivo, wa mtaa wa Jericho, mwaka wa tisini na sita, na hata aliponisimulia hakuthubutu kuniangalia usoni. Alikuwa fundi wa maabara. Kompyuta yake ililinganisha picha za jeli, utando laini ambamo protini za damu hujitenga kama madoa, ikazungushia duara doa lolote ambalo wenye afya hawana.

Katika picha ya jirani yake, Mama Clare, duara moja lilitokea. Kurudia kipimo kungemchukua siku mbili, na Nzivo alitaka kuwahi Pasaka kwao Machakos. Akajiambia ni vumbi, akalifuta doa.

"Majibu yangu yalisemaje, Nzivo?" Mama Clare alimuuliza bombani.

"Uko sawa kabisa, mama."

Mama Clare akazikwa mwezi wa Juni. Jumamosi iliyofuata, mchana, Nzivo alirudi maabara airudishe picha ilivyokuwa, ndipo aungame kwa mkubwa wake. Chumba hakikuwa na dirisha. Kabla hajaiwasha kompyuta, stima ikapotea.

Gizani akasikia mtu akihema polepole, kama aliyepanda ngazi nyingi. Sauti ilitoka pale mezani.

"Nisamehe, mama," akanong'ona.

Kuhema kukakoma. Stima iliporudi, kioo cha kompyuta kilikuwa kimetanda ukungu wa pumzi. Nzivo akaufuta kwa mkono wa shati, akafuta tena kwa nguvu. Shati likabaki kavu. Ukungu ulikuwa upande wa ndani.