Gurudumu la Ornella

Haya yalimpata rafiki yangu Ornella, fundi wa mashine hapa Bukavu, na mpaka leo hapendi kuyarudia. Alikuwa ameunda chombo kidogo cha kuzama ziwani, kisichotumia mafuta. Gurudumu zito la chuma lilizungushwa kwa umeme pale ufukoni, kisha lenyewe likaendesha chombo majini kwa dakika ishirini; ukiliinamisha, chombo kinageuza pua.

Jumapili moja, baada ya misa, alipitia ziwani kuchukua koti lake. Chombo kilikuwa kinaelea, kimefungwa kamba, na ndani yake gurudumu linavuma. Hasira zikampanda. Mara ngapi amekataza watu kukichezea?

"Bruno! Nani amezungusha gurudumu yangu?" alimfokea mlinzi.

"Maman Ornella, courant ya umeme ilikatika tangu vendredi, siku mbili sasa. Mutu angeizungusha na nini?"

"Usinidanganye!"

Aliruka ndani kwa kishindo, mfuniko ukajibamiza juu yake, na giza likamfunika. Akavuta breki kwa mikono miwili, kwa hasira zote alizokuwa nazo. Chuma kikalia, gurudumu likasimama. Alilipapasa: limetulia kabisa.

Mvumo haukukoma. Ulikuwa unatoka chini ya miguu yake, majini.

"Nani huyo ananichezea?" alipiga kelele, akikanyaga sakafu kwa kisigino.

Huko chini breki ikalia, kwa muda uleule kama yake. Mvumo ukafa. Halafu, katika ukimya ule, Ornella akasikia mfuniko mwingine, kama wake, unafunguliwa huko chini ndani ya maji.