Kura ya Sita

Siku ya kuhakiki bima ya afya, uwanja wa Shirika la Mito ya Milimani, pale Patan nchini Nepal, ulijaa watu hadi wakawa wanapumuliana visogoni. Watumishi wa nchi saba, kila mmoja na fomu yake, kila mmoja akiamini hakuna mwenye haraka kumshinda. Huyu anaandikisha mtoto mchanga, yule anabishana kwamba mama mkwe naye ni mtu na lazima atibiwe. Katikati ya vurugu hiyo alikaa Ojaswi Shakya wa ofisi ya utumishi, kavaa kanzu fupi ya kurta, ya kijani, na shali nzito, muhuri mkononi, baridi ya Desemba ikimng'ata vidole.

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa amevaa nyeupe tupu tangu kofia hadi viatu vya turubai. Chini ya kofia, nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua. Ojaswi hakuhitaji kuuliza. Huyu kafiwa na mzazi, na atavaa hivyo mwaka mzima.

"Diwas Thapaliya, kitengo cha vipimo vya maji," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeambiwa nimfute baba kwenye orodha ya wategemezi."

"Piga mstari juu ya jina, halafu tia sahihi pembeni."

Akaishika kalamu, akaiweka juu ya jina, na kalamu ikagoma kwenda. Nyuma yake watu wakaanza kuguna.

"Kaka, sisi tutazeekea hapa!" akapaza sauti mmoja.

Ojaswi akaivuta ile fomu taratibu. "Njoo nayo kesho. Meza yangu iko ghorofa ya pili, karibu na dirisha."

"Na kesho ikinishinda?"

"Kuna keshokutwa."

Basi alikuja siku tisa mfululizo. Siku ya kumi akapiga mstari, akatia sahihi, na siku ya kumi na moja akaja tena bila fomu yoyote. Ojaswi alikuwa ameshamimina vikombe viwili vya chai.

"Leo umeleta nini?" akamuuliza.

"Nimeleta kiu."

"Loo! Kwenye kitengo cha maji mnakosa maji?"

"Tunayapima tu, dada. Hatuyanywi."

Akacheka, na Ojaswi akagundua kwamba hajawahi kumwona akicheka. Cheko lile lilimkaa masikioni hadi usiku, na alipojilaza alijikuta anatabasamu peke yake gizani kama mwehu.

Ni walipokuwa wakinywa chai hiyo ndipo Diwas alipomsimulia yaliyompata msibani. "Kanuni zinanipa siku tano. Siku tano! Sisi msiba wa mzazi ni siku kumi na tatu. Siku ya sita nimekaa kwenye chumba cha msiba, sigusi mtu, sigusi simu, nala mara moja kwa siku tena bila chumvi, na mkubwa wangu anapiga kuuliza mbona sipo kazini. Dada yangu akapokea, akamwambia, 'Njoo umtoe mwenyewe.'"

"Akaja?"

"Angethubutu! Dada yangu unamjua?"

Ojaswi alicheka, lakini moyoni lilimchoma. Mwaka ule shirika lilikuwa linazipitia upya kanuni zote za utumishi na marupurupu, na yeye alikuwa mmoja wa wajumbe sita wa kamati. Jioni ile ile akaandika pendekezo: likizo ya kufiwa na mzazi iwe siku kumi na tatu.

Miezi ikapita kama ndoto ya mchana. Jumamosi walitembea vichochoro vya Patan, mafundi wakigonga shaba, njiwa wakiruka kwa mkupuo mmoja, ukungu ukichelewa kuondoka juu ya mapaa. Diwas alitembea na weupe wake, Ojaswi na rangi zake zote, na wapita njia waliwageukia.

"Mwenzio nina mume tayari," Ojaswi alimtania siku moja. "Kama binti yeyote wa kabila letu la Wanewari, kwa mila niliozwa tunda la mti wa beli nikiwa na miaka saba. Sherehe kubwa, na vito juu."

"Mume gani huyo hawezi hata kukushikia mwavuli?"

"Lakini hajawahi kunichelewesha hata siku moja."

"Mwambie ajiandae. Mwaka wa baba ukiisha Novemba, namnyang'anya mke."

Ofisini walijifanya hawajuani. Wakikutana kwenye ngazi ilikuwa "Habari za asubuhi, bwana Thapaliya," na "Njema, bibi Shakya," kisha kila mmoja anakwenda kucheka chooni. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walishasema, lakini hawa wawili walijitahidi kumeza mate.

Aprili, mijakaranda ilipochanua na barabara zikawa zambarau, kamati ikaletewa kifungu kipya. Mume na mke wasifanye kazi pamoja katika shirika. Wakioana, mmoja aondoke. Waliokwisha kuandikisha ndoa kabla ya Julai mosi, hao waachwe. Julai mosi! Na Diwas yumo ndani ya nyeupe hadi Novemba, na ndani ya mwaka wa msiba hakuna harusi. Amwambie? Hawezi. Wajumbe wote walikuwa wametia sahihi kwamba rasimu isitoke nje ya chumba kabla ya kutangazwa.

Alivumilia siku nne. Ya tano, chini ya mjakaranda, maneno yakamponyoka.

"Diwas, tuandikishe ndoa mwezi huu."

"Mwezi gani?"

"Huu. Kwa karatasi tu, pale ofisi ya wilaya. Sherehe baadaye."

Diwas akasimama. "Ojaswi, nimevaa hivi kwa ajili ya nani?"

"Najua, lakini..."

"Lakini nini? Nipe sababu moja."

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi? Mama yangu ni mjane, havai bangili tena, mimi nikamwambie mkwe wako hana subira ya miezi saba? Kumbe huu weupe kwako ni nguo tu!"

Akaondoka, maua ya zambarau yakiwa yamemganda mabegani. Ojaswi akabaki chini ya mti na ile sababu asiyoweza kuitoa.

Wiki tano simu haikulia. Wakikutana kwenye ngazi, ilikuwa kweli sasa, "Habari za asubuhi, bwana Thapaliya," na hakuna aliyekwenda kucheka popote. Ojaswi alikonda hadi kurta zikamning'inia.

Juni mvua zikaanza, na jioni moja rasimu ikatumwa kwa watumishi wote waisome na kutoa maoni. Dakika arobaini baadaye simu yake ikalia.

"Ukurasa wa kumi na tisa," ilisema sauti ya Diwas.

"Umeusoma."

"Mara sita. Ojaswi, ulikuwa unajua, ukaninyamazia, ukaniacha nikutukane?"

"Nilitia sahihi, mpenzi."

Alimsikia akivuta pumzi. "Mimi ni mpumbavu. Niko nje ya mlango wako. Fungua, nanyeshewa."

Akafungua mbio. Diwas alikuwa amesimama mvuani, amevaa shati la buluu. Buluu! Ojaswi akashika mdomo.

"Twende wilayani kesho," akasema Diwas. "Baba atanielewa."

"Na mama?"

Diwas akainamisha kichwa. Matone yalimtiririka kutoka kwenye nyusi.

"Rudi nyumbani ukavae nyeupe yako," Ojaswi akamwambia, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Sitaki ndoa inayoanza kwa kumliza mama yako. Nilikosea kukuomba. Novemba ni Novemba."

"Basi kazi je?"

"Kila kifungu kitapigiwa kura Ijumaa. Tuko sita. Watatu wanakitaka kile kifungu, wawili hawakitaki. Kura yangu ikiingia, tatu kwa tatu, na kwa sare kifungu kinaanguka."

Uso wa Diwas ukachanua. "Kumbe tumepona! Hakuna anayejua habari zetu. Piga kura, nyamaza, basi."

"Ndiyo," Ojaswi akasema. "Basi."

Lakini Ijumaa haikuwa "basi". Mwenyekiti, Bi Dechen Lhaden, mama wa Kibhutan mwenye sauti ya upole, alifungua kikao kwa swali lile analolisoma kila mara bila hata kuinua macho. "Kuna mjumbe mwenye maslahi binafsi katika kifungu chochote?"

Watu wakakoroga chai zao. Ojaswi alisikia moyo wake unapiga kama ngoma ya sikukuu ya Dasain. Anyamaze. Ni nani atakayejua? Lakini Novemba watajua wote. Watasema Ojaswi aliandika kanuni kwa ajili ya bwana wake, na watakapokifumua kifungu hiki watazifumua na zile siku kumi na tatu. Na yeye mwenyewe je, atamtazama nani usoni?

Mkono ukainuka kabla hajauamuru.

"Ninayo mimi. Kifungu cha wanandoa." "Nina mchumba. Ni Diwas Thapaliya wa kitengo cha maji. Tutaoana mwaka wake wa msiba ukiisha."

Kijiko kikaanguka mahali fulani. Bi Dechen akaweka karatasi yake chini, akasema, "Asante, binti yangu. Katibu, andika. Itabidi utupishe."

Ojaswi akaketi kwenye benchi la ukumbini. Diwas akatokea ngazini na vikombe viwili vya chai, amevaa nyeupe.

"Mbona uko nje? Mmemaliza?"

"Wamenitoa."

"Kwa nini?"

"Nimewaambia tunaoana."

Diwas akaviweka vikombe chini, polepole sana, asivimwage. Akakaa.

Mlango ukafunguka. Bi Dechen akatoka akaja kusimama mbele yao. "Siku kumi na tatu za msiba zimepita, wote tumekubali. Kifungu cha wanandoa nacho kimepita. Watatu kwa wawili." Akamgusa Ojaswi begani, akarudi ndani.

"Kura yako ingekiangusha," Diwas akasema.

"Ndiyo."

"Na uliijua hesabu hiyo ulipoinua mkono."

"Niliijua. Nikasirikie, Diwas. Nimekupotezea kazi, au nimejipotezea mimi."

Diwas akaushika mkono wake, pale pale ukumbini, makarani wanapita na mafaili yao.

"Nitaondoka mimi," akasema. "Usibishe. Mito iko Nepal nzima, na kila mto unataka mpimaji. Mke anayeinua mkono hata ukimkata mwenyewe, huyo nikimwacha nitampata wapi?" Akatoa simu. "Ila sasa jengo zima linajua. Acha nimpigie mama kabla wambeya hawajampigia."

"Sasa hivi? Diwas, usi..."

"Mama? Mzima? Nimepata mchumba... Shakya, wa Patan... Ndiyo mama, Mnewari... Ndiyo, nyama ya nyati tusiyokula sisi, wao wanakula... Mama, nisikilize kwanza." Kisha akamkabidhi Ojaswi simu. "Anakutaka wewe."

Ojaswi akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Ni wewe uliyetaka mwanangu aoe ndani ya msiba?" Sauti ilikuwa kavu. Kumbe Diwas alikuwa ameshamweleza zamani bila kumtaja jina, siku ile aliyorudi na hasira.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Na juzi aliporudi ameloa, kavaa buluu, akaniambia kuna mtu kamfukuza aje avae nyeupe yake. Ni nani huyo?"

Ojaswi akamtazama Diwas. "Ni mimi pia, mama."

Mvua ilisikika upande wa pili wa simu, ikinyesha kwenye bati.

"Miezi mitano bado mirefu," mama akasema mwishowe, na sauti ilikuwa imelegea. "Humu ndani niko peke yangu. Uwe unakuja Jumamosi, binti yangu, tuihesabu pamoja."