Kofia ya Kocha Marlys

Walijuana kwenye foleni ya soseji uwanjani jijini Omaha, Marekani, watu wamebanana hata pa kukanyaga hapana. Marlys Kucera, kocha msaidizi wa softiboli ya wasichana wa chuo, alimmwagia jibini ya moto kijana mrefu mwenye shati jeupe na tai ya kijani.

"Jamani, samahani kaka!"

"Usijali, mrembo. Shati litafuliwa. Namba yako ya simu je?"

Kumbe ndiye Desmond Tilford, mshauri mpya wa masomo wa wachezaji wa chuo hicho hicho. Basi yakawa mapenzi, simu asubuhi, simu mchana.

Chuo hakikuwa na fungu la kuajiri kocha wa tatu. Marlys alifundisha kupiga mpira kwa gongo, akaendesha basi, akafua jezi, na jioni akasimamia chumba cha kujisomea, ambako kila mchezaji lazima atimize saa nane kwa wiki. Brielle, mrushaji wao tegemeo, hakutia mguu. Marlys akamsainia kwamba amehudhuria, asije akazuiwa kucheza, mara moja, mara tano, mwishowe muhula mzima. Desmond aliiamini saini ya mpenzi wake akaziingiza saa zote kwenye kompyuta, kwa jina lake mwenyewe.

Wakaguzi wa chuo wakagundua kadi ya Brielle haijawahi kufungua mlango wa chumba kile. Desmond akasimamishwa kazi.

"Malkia wangu, wewe ulikuwa mle ndani," alimwambia kwenye simu. "Waambie tu ulimwona Brielle."

"Nitakupigia, Des."

Thubutu! Siku nane simu iliita, yeye akaigeuza kifudifudi mezani.

Jumamosi, katikati ya mechi, kipaza sauti kikatangaza wastani wa alama za masomo za timu, wa juu kuliko miaka yote. Mashabiki wakasimama kushangilia. Kwa desturi, makocha hutoka na kuwavulia kofia.

"Vua kofia, mwanangu, watu wanatutazama," alinong'ona Kocha Rosalind, bosi wake.

Marlys akaivua, akamkabidhi mkononi. "Saa za Brielle nilizibuni mimi, Kocha. Desmond hakujua kitu. Naenda kumwambia mkurugenzi wa michezo."

Mkurugenzi alikuwa jukwaani palepale. Hakuchukua dakika tano kumfukuza. Nje ya jukwaa, Marlys akampigia Desmond simu.

"Des, sikumwona Brielle hata siku moja. Nilisaini tu."

"Mimi nilidhani umenikimbia kwa kuwa sina kazi."

"Niliona aibu. Nimeshawaambia. Asiye na kazi sasa ni mimi."

"Uko wapi?"

"Foleni ya soseji. Sikujua pengine pa kwenda."

Alifika baada ya nusu saa, hana tai, macho mekundu. Marlys akainamisha kichwa, hakuthubutu kumtazama.

"Sijakusamehe," Desmond alisema. "Ungeniambia siku ile ile, tungekwenda sote wawili kwa mkurugenzi."

"Najua."

Foleni ikasogea. Desmond akasogea naye.

"Jibini utashika wewe au mimi?" akauliza.

"Shika wewe," Marlys akajibu, akaanza kulia mbele za watu.