Yai la Cyril

Jikoni kwa mama Hilda Thurlby palianza kunuka petroli Jumatatu asubuhi, na nyumba ile haikuwa na gari. Lakini kijiji chetu cha Lincolnshire, Uingereza, kilizungukwa na viwanja vya ndege za vita, basi hakuna aliyeshtuka.

"Upepo tu, mama," alisema Wilfred, mwanawe mkubwa, mdomo umejaa mkate.

Jana yake walikuwa kanisani kumkumbuka Cyril, mdogo wake Wilfred, kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliyekuwa akiielekeza njia ndege ya mabomu kwa kuchora kwenye ramani mistari ya penseli na saa za kufika. Ilidunguliwa Ujerumani. Hakupona mtu.

Wakati ule wa vita yai lilikuwa adimu. Vijana wa ndege walipewa moja moja kabla ya kuruka, nao wakitaniana: usiporudi, lako nile mimi. Cyril alipokuja nyumbani mara ya mwisho, Wilfred alimtania hivyohivyo. Cyril akacheka, akachukua yai, akaliandika jina lake kwa penseli. "Likiguswa, kaka, nitakufuata." Mama akaliweka kabatini.

Jumapili ile, walipotoka kanisani, Wilfred alilichemsha akalila.

Jumanne kulikuwa na mstari wa penseli mezani, umenyooka kama uzi, unatokea upande wa dirisha la mashariki, kuliko Ujerumani. Mwishoni kuna kimsalaba, na kando yake imeandikwa saa kwa tarakimu.

"Mwandiko wa nani huu?" alinong'ona Enid, mke wa Wilfred.

"Wako. Unanitisha kwa penseli?"

"Mimi naandika saba namna hii? Muulize mama."

Mama alichukua kitambaa. Alisugua meza kwa magadi mpaka vidole vikachubuka.

Jumatano mstari ulirudi, mrefu zaidi, unaelekea kiti cha Wilfred. Akahamia upande wa pili, akicheka kicheko kikavu. Alhamisi wakaukuta umefika pale kiti kilipokuwa, ukapinda, ukamfuata alikohamia, na harufu ya petroli sasa imechanganyika na ya nywele zilizoungua, na mchana kweupe, wote watatu wamekaa, mikono yao inaonekana juu ya meza, wakasikia penseli ikikwaruza upande wa chini wa ubao, taratibu, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

"Mwambie aache, mama," alisema Wilfred. "Wewe atakusikia."

"Nimwambie nini? Umekula cha marehemu, mlafi wewe!"

Kasisi akaja, akaomba, akaondoka bila kunywa chai.

Mwisho mama alichukua yai pekee alilotaga kuku wake juma lile, akaliandika CYRIL, akaliweka juu ya msalaba wa mwisho. "Chukua, mwanangu. Niachie huyu mmoja."

Asubuhi yai lilikuwa jepesi kama karatasi, tupu, halina hata ufa. Meza safi. Harufu imekwisha. Wilfred akacheka mpaka machozi, akavua shati anawe.

Enid akaangusha beseni.

Mstari ulianzia begani kwa mumewe, umenyooka, ukishuka mpaka tumboni. Mwishoni kimsalaba, na kando yake tarehe ya kesho, saa mbili na robo asubuhi.

"Mama," alisema Wilfred, "labda amekosea hesabu."

Hilda aliusoma mwandiko ule, kisha akaketi polepole.

"Cyril hakuwahi kuchelewa," akasema.