Mayai Yaliyoliwa Jumanne

Siku walipokutana, duka la mabango lilikuwa limefurika, kila mteja akitaka kazi yake itoke kabla ya ile ya mwenzake. Askari wa kike wa hifadhi ya ndege aliingia na sare ya kaki iliyopigwa pasi, buti zimejaa mchanga, akapenya moja kwa moja hadi mbele.

"Nataka bango. 'Njia imefungwa, ndege wanataga.' Herufi kubwa."

Fundi akamtazama, akasahau wengine wote. "Na wewe, afande, umefungwa au uko wazi?"

"Andika bango, fundi."

Aliandika, kisha akaomba namba ya simu, ati rangi ikibabuka ajue pa kumpata. Rangi haikubabuka, lakini alipiga simu kila siku. Miezi minane baadaye penzi lilikuwa limekolea, na fundi akatangaza kwamba Jumamosi analeta wazee wake kuposa.

Hapo usingizi ukamruka mwanamke yule. Nyumba aliyoishi na mama yake ndani ya hifadhi ilikuwa ya kazi. Baba yake aliikalia akiwa askari wa hifadhi hadi alipofariki, na binti akachukua kazi ili mama asihamishwe. Sasa akiolewa mjini, kazi basi na nyumba basi. Mama ataenda wapi na miguu ile inayovimba? Alimpenda fundi kwa moyo wote, na bado alijiona amebanwa kama kidole mlangoni.

Jumatatu ya wiki hiyo, akiwa doria na mwenzake wa zamu, waliona mayai matatu katikati ya njia, juu ya mchanga mtupu. Njia ya kufika nyumbani ni hiyo moja tu, pande zote ni tope. Sheria yao haina mjadala: vigingi, kamba, bango, na hapiti mtu mpaka vifaranga watoke. Askari wenyewe huzungukia topeni maji yakipwa.

Jumanne kunguru wakayala yote matatu. Kwa sheria hiyohiyo, kamba hutolewa siku ileile. Binti hakuitoa.

"Dada, ile kamba tunamlindia nani?" mwenzake akauliza Alhamisi.

"Nitaitoa."

Ijumaa binti akapita kando ya kamba akijifanya anatazama baharini.

Jumamosi simu ikalia. "Afande wangu, tuko hapa kwenye bango. Mjomba kavaa koti, shangazi kavaa viatu vya mchuchumio. Tupite?"

"Hamwezi, mpenzi. Kuna mayai."

"Mpaka lini?"

"Wiki tatu."

"Nimeandika bango mwenyewe, limenifungia mwenyewe," fundi akasema, akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. Wazee wakageuza gari wakinuna.

Jumapili fundi alitokea peke yake kupitia topeni, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Alimkuta binti barazani akifuta darubini.

"Nimechungulia kwa mbali, sikukanyaga. Hakuna yai hata moja pale."

"Yaliliwa Jumanne."

"Kwa hiyo ulinifungia mimi."

Machozi yakamtoka. "Nilishindwa kukwambia. Nikivua sare hii, mama atalala wapi? Nakupenda, fundi, mpaka naumwa. Lakini siwezi kumtoa mama kwenye nyumba yake."

Mama alikuwa dirishani, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Akatoka akijikongoja.

"Nyumba yangu? Nani kakwambia ni yangu? Baba yako alinileta hapa kwa miaka miwili, ikawa thelathini. Chumvi imenila mimi na masufuria yangu. Nilikaa kwa ajili yake, halafu nikakaa kwa ajili yako, nikidhani unapapenda."

"Miaka yote hiyo, mama? Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Fundi alisimama akichuruzika tope, hajui aweke wapi miguu yake.

"Mama," akasema kwa adabu, "nina vyumba viwili nyuma ya duka. Ila kuna kelele, mashine inaunguruma kutwa."

"Mashine moja, baba? Mimi hapa nasikia ndege elfu kumi."

Fundi akamgeukia mpenzi wake. "Basi niambie, afande. Wazee waje lini?"

Binti akafuta macho kwa mkono wa sare, lakini kabla hajafungua mdomo, mama alikuwa ameshamjibia.

"Waje leo. Sanduku langu liko tayari tangu tulipomzika baba yake."