Malkia wa Sekenke Kauawa Mezani

— Umeniua, Melki?

Luciana hata hakusalimia. Melkiori alikuwa na uji wa moto mdomoni, akaumeza hivyo hivyo, simu sikioni.

— Si wewe, Lusi. Ni yule mtu wako wa kwenye mchezo.

— Umeandika kwenye grupu, kila mtu anasoma: "Malkia wa Sekenke katumbukia shimoni, kafa. Msaliti haliliwi." Msaliti nani?

Melkiori akasogeza uji kando. Ulikuwa wivu. Pale Issuna yeye ndiye aliyeanzisha mchezo wa hadithi: mnazunguka meza, msimulizi anaongoza, kila mtu anaigiza mtu wake, dadu inaamua kama kaliwa na fisi au kapona. Kila Jumamosi stoo ya alizeti ya baba yake ilikuwa haina pa kukanyaga. Kisha Derick akarudi toka Dodoma na mchezo mpya, akaweka meza nyuma ya saluni. Watu wakahama mmoja mmoja, kama kuku waliosikia mtama unamwagwa kwa jirani. Wa mwisho kuhama akawa Luciana, ambaye wazee wa Melkiori walikuwa wampelekee posa Jumapili.

— Kule unafuata mchezo au unamfuata Derick?

— Kule msimulizi anabadilika kila wiki. Kwako ni wewe tu! Nikitaka kwenda mashariki, unaleta mafuriko. Nikitaka kuongea, eti malkia kalala. Naogopa, Melki. Na ndoa utaisimulia peke yako?

— Basi namfufua. Leo leo!

— Sheria uliitunga mwenyewe. Aliyekufa harudi.

Simu ikakatwa. Ukaingia ujumbe: "Wazee wako wasije Jumapili. Niache nifikiri."

Jumamosi Melkiori akajikuta nyuma ya saluni, kofia mkononi kama kaja msibani. Rukaiya, ambaye utani kwake ni kifungua kinywa, akamdaka:

— Karibu chifu! Stoo wamebaki panya, au nao wamehama?

Meza nzima ikacheka. Derick akamsogezea stuli. Kwenye kiti cha msimulizi alikuwa Luciana, na yeye hakucheka.

— Mgeni, mtu wako ni nani?

— Mrina asali. Alimuua malkia kwa wivu.

— Anataka nini?

— Msamaha.

— Rusha.

Dadu ikabiringika, ikagonga kikombe cha chai, ikatulia. Moja. Namba ya chini kuliko zote.

Kule stoo angeshapiga kelele: imegonga kikombe, haihesabiki, narudia! Mdomo ulishafunguka. Akaufunga.

— Moja, — Luciana akasema taratibu. — Mrina asali hajasamehewa. Yuko nje ya geti, mvua inamnyeshea.

— Sawa, msimulizi.

Luciana akamtazama, machozi yakimlengalenga. Akaiokota dadu, akampa Rukaiya.

— Ila asiondoke pale getini. Zamu yake itarudi.